Pikapu ya Baba Iliyoinama Kushoto

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Nasema mchana kwa sababu watu wakisikia mambo ya namna hii husema labda alikuwa na usingizi, labda giza lilimchanganya. Giza halikuwepo. Ukungu ulikuwepo, lakini ukungu wa Tukuyu si kitu cha kumshangaza mtu. Kule watu wanaanika nguo ndani ya ukungu na kuzianua zikiwa zimelowa zaidi, na maisha yanaendelea.

Nilitoka Singida na pikapu ya marehemu baba. Nikapita Manyoni, nikalala Dodoma, nikavuka Mtera, nikapanda Iringa, nikalala tena Makambako, mpaka nikafika Uyole na kukata kushoto kuanza kuupanda mlima. Mabasi yalikuwa yananipita yakipiga honi kwa dharau. Niliyaacha yapite. Gari kuukuu hulikimbizi, unalibembeleza.

Nilikuwa nafuata nini? Nilizaliwa Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, baba akiwa mfanyabiashara wa vitenge na sabuni, anazungusha mizigo vijijini kwa pikapu hiyohiyo. Tulihama nikiwa mtoto mdogo. Ninachokumbuka ni magodoro yanapakiwa kwenye mvua na mama analia bila kutoa sauti. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Nimekaa miji mingi tangu hapo, na kila mji niliuangalia nikasema moyoni, huu siyo. Nilipovuka miaka arobaini, sina mke, sina nyumba, nikaona nirudi.

Sasa ngoja nikueleze gari lenyewe, maana bila gari hakuna kisa.

Lilikuwa la zamani kuliko mimi. Namba za kilomita kwenye dashibodi zilikuwa zimefika mwisho, zikarudi sifuri, zikaanza kupanda upya, tena si mara moja. Mafundi wa kila mji walikuwa wanaitana waje waone. Na mimi nilikuwa najisifu, kwa nini nidanganye? Oili nilibadilisha kabla haijawa nyeusi. Grisi nilipiga kila Ijumaa nikitoka msikitini. Asubuhi sikuondoka mpaka injini ipate joto, na safarini nilikuwa naisikiliza kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa. Gari hilo ndilo lilikuwa kazi yangu, ndilo kitanda changu, na ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha baba.

Mambo mawili tu yalimshinda kila fundi. La kwanza, handbreki. Ukiifunga leo, kesho waya umekatika. La pili, pikapu ilikuwa inainama nyuma, upande wa kushoto. Nilibadilisha springi, nikabadilisha shokapu, nikanyoosha chesisi. Ikitoka gereji bado imeinama.

“Kaka, gari lako linachechemea kama limetoka kucheza mpira,” aliniambia fundi Lusajo wa Bulyaga, palepale Tukuyu, wiki ile ile niliyofika. Akazunguka nyuma, akachuchumaa, akasukuma bodi kwa mikono. “Umebeba nini huku?”

“Sijabeba kitu.”

“Mbona linakaa kama limebeba?”

Tukacheka. Naomba ukumbuke kwamba tulicheka.

Kuna pia tabia moja ambayo nilirithi pamoja na gari. Baba alipokuwa anasimama mlimani, kabla hajatoa mguu kwenye breki, alitoa kichwa dirishani na kuita, “Weka!” Ananyamaza kidogo, halafu anaachia. Hakuna aliyekuwa nyuma. Kulikuwa na gogo tu, kipande cha mti cheusi cha kuzuia tairi, ambalo alikataa lisitupwe. Nilipomuuliza anamwita nani, alisema, “Mazoea tu, mwanangu.” Alipofariki nami nikawa naita. Kwangu ilikuwa ni njia ya kumkumbuka. Na kweli gari halikuwahi kurudi nyuma, ingawa handbreki haikuwepo. Nikawa nasema ni gia inashika.

Nikaanza kazi ya kubeba ndizi kutoka Kisiba kuzileta sokoni Tukuyu. Siku yenyewe nilikuwa napanda na mzigo, baada ya adhuhuri, mvua imekatika, ukungu umeshuka mpaka huoni mgomba wa pili. Katikati ya mlima ng'ombe wakawa wanavuka barabara, wamejaa njia nzima. Nikasimama. Nikatoa kichwa dirishani.

“Weka!”

“Tayari, bosi!”

Wallahi, sauti ilitoka nyuma yangu, upande wa kushoto, sauti ya mwanamume mwenye mafua. Mguu wangu ukaganda juu ya breki. Nikatazama kioo cha kushoto. Mtu alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la nyuma, analipigapiga gogo kwa kiganja ili likae vizuri. Amevaa koti la mvua lililochanika begani.

Nikajiambia ni mwanakijiji, ameona gari kwenye mlima, amenisaidia. Wewe ungefikiri nini? Nikashuka kumshukuru.

Akainuka, akanitazama usoni, akatabasamu kama mtu anayenifahamu toka zamani.

“Umekonda, bosi. Mama Zena hakupikii siku hizi?”

Zena ni dada yangu mkubwa, na Mama Zena ndivyo baba alivyokuwa anamwita mama. Yuko Singida na wajukuu. Tukuyu nzima hakuna niliyemtajia jina hilo.

“Wewe ni nani?” nikamuuliza.

“Gwe! Wewe, ukungu umekuingia kichwani?” Akacheka, akakohoa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kinyakyusa kabisa, cha wazee wa vijijini, ingawa yeye hakuwa mzee. Alikuwa mdogo kwangu. “Gari limetembea hili, bosi. Singida kule jua liliniunguza. Na siku ile karibu na Manyoni ulivyosinzia kwenye usukani! Si ndiyo mimi niligonga bodi? Tungelala porini wote wawili.”

Sikiliza. Miaka kadhaa nyuma, karibu na Manyoni, nikiwa peke yangu, nilisinzia kweli nikiendesha. Kilichoniamsha ni mgongo wa bodi kugongwa mara mbili kwa nguvu. Nilisema ni jiwe limeruka. Sikumsimulia mtu. Baba alikuwa ameshakufa.

Nikashusha macho. Mguu mmoja ulikuwa na buti la mpira, mwingine ulikuwa peku. Tope la barabara ile lilifika kwenye vifundo vyangu. Unyayo wake wa peku ulikuwa mkavu, msafi, kama wa mtu aliyekaa juu ya mkeka.

“Bosi,” akasema, na safari hii hakuwa anatania. “Tunafika lini? Mikono imechoka.”

Nilirudi kwenye usukani kama mtu anayevutwa na kamba. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupita. Nikasikia gogo likitupwa ndani ya bodi, kisha bodi ikagongwa mara mbili, ngo ngo, ile ishara ya utingo kwa dereva wake. Twende. Nikaenda. Sikutazama kioo tena mpaka mtaani Bagamoyo, nilikopanga.

Niliposhuka, nyuma kulikuwa na mikungu ya ndizi tu. Gogo lilikuwa juu yake, lina tope bichi.

Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa Bi Hadija, anapika vitumbua barazani, amezaliwa mtaa huohuo. Aliponiona akaanza utani wake.

“Haya, mwana wa Singida, umekutana na simba au na mkwe?”

“Bi Hadija, baba yangu alikuwa na utingo?”

Mkono wake ukabaki hewani na uma wa kugeuzia vitumbua. Vile vilivyokuwa kwenye karai vikaungua, na Bi Hadija si mtu wa kuunguza kitumbua.

“Nani kakwambia?”

“Nimemwona.”

Akavuta ushungi, akanikalisha, akanieleza kile ambacho mama alikataa kunieleza mpaka anaingia kaburini. Utingo aliitwa Ambakisye, kijana wa Kisiba. Siku moja ya mvua pikapu ilikatika breki kwenye mlima uleule, ikaanza kurudi nyuma na abiria juu ya mizigo. Ambakisye akaruka na gogo, akaliweka kwenye tairi la kushoto, likateleza, akaliweka tena na kulishikilia kwa mikono. Gari likasimama. Abiria wote walipona. Yeye tairi lilikuwa limempanda.

“Baba yako alimbeba kumpeleka hospitali,” Bi Hadija akasema. “Akafia njiani. Watu wakamtisha, ndugu wanakuja na mapanga. Uongo mtupu, hakuna aliyekuja na panga. Lakini aliogopa. Jioni ileile mkapakia. Kijana wa watu akazikwa, bosi wake hayupo.”

Kesho yake nilikwenda Kisiba kwa dada yake Ambakisye, kama Bi Hadija alivyonielekeza. Bibi mmoja mfupi, anapukuchua mahindi mlangoni, kiko mdomoni. Nilisimamisha gari uani kwake, mahali tambarare. Sikuwa hata nimefungua mlango, akasema:

“Limeinama palepale alipokuwa anasimama.”

Nikamweleza yote, pamoja na mikono iliyochoka. Sikuona kama alishtuka. Alitoa kiko, akatema mate pembeni.

“Sisi tulizika mwili, mwanangu. Tulilia, tulicheza, tulichinja, kila kitu. Lakini mtu akifia kazini, wa kumwambia kazi imeisha ni aliyemwajiri. Anasimama kaburini, anasema nenda, umemaliza. Baba yako hakuja. Sasa kaka yangu angeshukaje? Nani alimwambia ashuke?”

“Mimi siye niliyemwajiri.”

“Sura unayo. Gari unalo. Anakuitikia.” Akanitazama. “Au unamtaka aendelee?”

Hapo ndipo aliponishika. Maana nilikuwa nimeshaelewa. Zile kilomita zote nilizojisifia kwa mafundi hazikuwa za oili wala za grisi. Kuna mtu alikuwa nyuma, miaka yote, ameshikilia. Akishuka, gari limekwisha, na mimi nabaki mtu wa makamo asiye na kazi wala pa kulala, kwenye uwanja wa bibi wa watu. Nitakuwa mkweli kwako, nilisimama pale nikitafuta maneno ya kuomba muda. Msimu mmoja tu wa ndizi. Halafu nikaisikia tena ile sauti yenye mafua. Tunafika lini?

Nikaenda nyuma ya gari, upande wa kushoto. Bibi akaja kusimama karibu yangu, amevua kitambaa kichwani.

“Ambakisye,” nikasema. “Ambakisye, tumefika. Shuka. Kazi imeisha. Ahsante sana.”

Hakuna upepo uliovuma. Hakuna kilichotokea kwa kitambo. Halafu, mbele ya macho yangu na ya yule bibi, springi ya kushoto ikalia, kwiiii, na bodi ikainuka. Ikainuka taratibu kama vile mtu mzito anaposhuka, anatanguliza mguu mmoja, kisha mwingine. Pikapu ikakaa sawa. Tangu nipate akili sikuwahi kuliona gari lile limekaa sawa.

“Ndaga, kaka,” bibi akashukuru polepole kwa Kinyakyusa, akitazama kuelekea kwenye migomba, siyo kwangu. “Ndaga fijo.” Kisha akakaa chini kwenye udongo, akalia kama mtu aliyepata habari ya msiba asubuhi hiyo.

Gari halikuwaka tena. Fundi Lusajo alikuja na pikipiki, akafungua giaboksi, akafungua injini, akaniita nitazame. Meno ya gia yalikuwa yameisha, yamebaki laini kama kokoto za mtoni. Krenki ilikuwa na ufa unaoingiza ukucha.

“Kaka, usinitanie,” akasema. “Hili uliliendesha mpaka hapa?”

“Jana lilipanda na ndizi.”

Akafuta mikono, akakusanya spana zake moja moja, akaondoka bila kuaga. Mpaka leo sijui kama anatembea usiku.

Pikapu niliiacha pale uani. Bibi alisema kuku watalala humo. Gogo alilichukua mwenyewe, akaenda kuliweka kaburini, na mimi nikafuata nyuma yake, nikasimama mahali ambapo baba alipaswa kusimama.

Sasa hivi naendesha gari la mtu, jipya, linakaa sawa pande zote. Nikisimama mlimani nauma midomo. Mara mbili neno limenifika kwenye ulimi na jasho likanitoka, maana sijui nani mwingine amefia kwenye milima ya nchi hii akisubiri kuitwa. Kwa hiyo nakwambia, nawe usichukulie kama maneno ya kupitisha muda: kama una gari kuukuu linalokubali kutembea kuliko linavyostahili, kabla hujajisifu kwa watu, lisimamishe mahali tambarare, nenda nyuma yake, uangalie limeinama upande gani. Na kama liliwahi kuwa na mtu, mwambie ashuke.

Siku niliyoondoka Tukuyu moja kwa moja, nilikuwa abiria kwenye basi, nimekaa dirishani. Tulipokuwa tunapanda kuelekea Isyonje kukawa na foleni ya malori, dereva akasimama katikati ya mlima. Akatoa kichwa nje amwite kondakta wake aweke jiwe.

Niliziba masikio yangu kwa mikono yote miwili, na sikuyafungua mpaka basi lilipoanza kutembea.