Kituruki cha Nyimbo za Kulia

Mpwa wangu alizaliwa Istanbul, hajui Kiswahili wala Kinubi chetu cha nyumbani. Mama yake ni mdogo wangu, aliyekwenda huko kushona nguo kiwandani, akaolewa na mwenyeji. Nilimuuliza kwa nini hakumfundisha mtoto hata salamu. Akasema mumewe hapendi lugha asiyoielewa isemwe nyumbani mwake.

Basi nikaamua kujifunza mimi. Nina duka la vitambaa Mbale, na wateja wakipungua nilisikiliza nyimbo za Kituruki kwenye simu, maneno na tafsiri yakipita chini. Nilichagua za kulia kwa sababu huimbwa polepole. Nikajua moyo, machozi, kuungua, usiende, rudi. Kuomba chumvi sikuweza. Nikajua pia kwamba wao humwita mpenzi na mtoto kwa neno moja, canım, roho yangu, kama sisi, na kwa hilo nikawapenda kidogo. Jirani yangu muuza sufuria alieneza kwamba nimeachwa na Mturuki.

Siku ya Idi nilikwenda Jinja kwa mama. Nilimkuta ameshawasimulia wageni habari za ghorofa la binti yake na lifti yake. Tukapiga simu ya video. Mdogo wangu akatokea amejifunga mtandio hadi mashavuni, anacheka.

"Mama, mimi iko sawa. Kila kitu iko sawa."

Mama akamshukuru Mungu, akaenda kupakua pilau. Mdogo wangu naye akaitwa na mumewe, akamwachia mtoto simu. Nikamwita mtoto canım. Akanitumbulia macho, kisha akasogea karibu kabisa, akaanza kunong'ona. Mengi yalinipita. Lakini maneno mama, usiku na analia niliyajua, yamo katika kila wimbo. Halafu akataja baba, na neno ambalo sikuwahi kulisikia popote. Alipoona sijaelewa, akajipiga kofi shavuni.

Mdogo wangu akarudi, akachukua simu. Niliogopa. Kwa Kiswahili ningesikiwa na sebule nzima, na mama alikuwa ameshasimama nyuma yangu na sinia. Kwa Kituruki angenisikia mumewe. Nikainamia simu, nikasema polepole, "Dön." Rudi.

Kicheko kikamwisha. Akatazama mlangoni, machozi yakamtoka, simu ikakatika.

Mama akauliza nimemwambia nini hata akalia. Nikasema ni maneno ya wimbo tu. Akafurahi, akataka niwaimbie wageni.