Mabenchi Manne ya Mama Benchi

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sosholojia alipoambiwa akae mlangoni na mwanamke wa kukalisha watu, aliona wazi kwamba ameonewa. Wenzake walikuwa wamepangiwa mahakama ya watoto, gereza, na mashirika yenye viyoyozi. Yeye alipewa kliniki ya kisukari ya hospitali ya serikali, siku tatu kwa wiki, wiki nane. Tena ofisa ustawi wa jamii aliyepaswa kumsimamia alikuwa anaanza likizo siku ileile. "Kaa na Mama Benchi siku mbili tatu," alimwambia huku akifunga droo kwa ufunguo. Likizo ikazaa uhamisho, na ofisa hakuonekana tena.

Kozi yenyewe haikuwa na mzaha. Ilitaka saa mia moja na ishirini za mafunzo kwa vitendo, ripoti, na fomu iliyosainiwa na msimamizi mwenye shahada. Ukikosa kimoja, krediti huna, joho utaliona kwa wenzako, na kozi inarudi baada ya mwaka. Nyumbani, dada yake mkubwa aliyemlea tangu mama yao afariki alikuwa ameshaanza kuuliza avae gauni gani siku ya mahafali.

Mama Benchi hakuwa na shahada. Alikuwa na shule ya msingi, raba nyeupe, na sauti ya kuamsha korido nzima. Aliingia hospitalini kama mfagizi, akapanda hadi mhudumu wa mapokezi, na kazi yake kwa miaka ishirini ilikuwa kuwakalisha wagonjwa kwenye mabenchi manne ya mbao. Wagonjwa waliitwa kwa namba za kadi, kwa hiyo mtu angeweza kukaa popote na zamu yake isipotee. Lakini thubutu ukae popote. "Wewe wa shati la mistari, inuka hapo, njoo huku. Babu, sogea kidogo, benchi si lako." Mwanafunzi alidhani ni tabia tu ya mtu aliyezoea kuamrisha.

"Na wewe Daftari," Mama Benchi alimwambia siku ya kwanza, na jina likamganda, "usiniandike vibaya."

Basi kwa kukosa la kufanya, Daftari akawa anachora. Kila siku alichora mistari minne ya mabenchi, akaweka duara kwa kila mgonjwa wa zamani na msalaba kwa kila mgeni. Wageni walijulikana kwa karatasi ya njano waliyopewa wakishapimwa mara ya kwanza, wakaambiwa wasubiri daktari. Pembeni aliandika alichosikia: dereva, mpishi wa shule, mjamzito, fundi seremala aliyekatwa kidole cha mguu. Fundi huyo alikuwa na ugonjwa tangu ujana wake na alizungumza utadhani analipwa kwa neno.

Mwisho wa wiki ya pili alitandaza karatasi zake sita kitandani ili aone kama zinaweza kumpa hata ukurasa mmoja wa ripoti. Akazitazama. Akazipanga upya, akazitazama tena. Hakukuwa na msalaba hata mmoja uliokaa peke yake. Kila msalaba ulikuwa na duara kushoto na duara kulia. Dereva mgeni alikuwa kando ya dereva wa zamani. Mjamzito alikuwa kando ya mama aliyegunduliwa sukari akiwa na mimba, na sasa mtoto wake anasoma. Siku sita, wagonjwa zaidi ya mia tatu, na yule mama hakuwahi kushika hata kalamu.

Jumanne iliyofuata alimwuliza nani alimfundisha.

"Kukalisha watu?" Mama Benchi alicheka mpaka akafuta macho. "Kuna shule ya kukaa?" Kisha akaangalia mwisho wa benchi la nne. "Nilikuwa nafagia hapahapa. Mume wangu akapimwa, akapewa karatasi yake ya njano, akakaa pale pembeni, peke yake. Mimi nina ndoo mkononi. Nikamwambia nisubiri, nimalize huku. Kumaliza, keshaondoka. Hakurudi tena kliniki mpaka siku aliyoletwa amebebwa." Akanyoosha gauni lake la kazi. "Angepata mtu wa kumsemesha dakika kumi tu, mwanangu."

Daftari aliinuka. Alikwenda masijala, akamwuliza karani kama kuna kumbukumbu za wagonjwa wasiorudi. Karani akamwonyesha rafu ndefu yenye vumbi. Zamani, alisema, kadi za waliopotea zilijaza rafu ile mwanzo hadi mwisho. Sasa lilibaki boksi moja, tena halijajaa. Karani hakujua sababu na hakuwahi kujiuliza. Daftari alisimama mbele ya nafasi ile tupu machozi yakimlengalenga, na hakuona haya.

Msidhani mama yule alikuwa malaika. Alipenda umbea, alinuna ovyo, na wiki hiyohiyo alimkalisha mwanamume mmoja kando ya mtalaka wake. Benchi zima lilihamishwa kwa kelele.

Mwisho wa wiki ya nne ikaja barua ya chuo. Mhadhiri aliyesimamia kozi aliandika bila kumung'unya maneno: msimamizi asiye na shahada hakubaliki, na atafika mwenyewe Jumanne kuamua kama mafunzo haya yanahesabika. Saa sitini zilikuwa zimeshakwenda, na dada yake alikuwa ameshashona gauni.

Jumanne mhadhiri alifika asubuhi na mapema, Daftari akiwa masijala. Alikuwa ameshika chupa kubwa ya maji, akaimaliza pale mlangoni, akauliza choo kiko wapi. Aliporudi, Mama Benchi alimtazama kuanzia viatu. Kamba za kiatu cha kushoto zilikuwa zimelegezwa. Mkanda wa suruali ulikuwa na tundu jipya, lililotobolewa kwa msumari.

"Pita hapa, baba. Kaa na huyu fundi."

"Mimi si mgonjwa, mama. Nimekuja kumkagua mwanafunzi."

"Hata wakaguzi wana miguu. Kaa, anakuja."

Daftari alipotoka na kumwona mwalimu wake amebanwa kati ya fundi seremala na ukuta, alimkimbilia Mama Benchi. Akamvuta pembeni. "Mama, huyo ndiye mhadhiri. Umenimaliza."

"Kumbe ndiye," alisema Mama Benchi, wala hakutikisika. "Mwache kwanza."

Alimwacha. Kutoka pale aliposimama alisikia fundi akiuliza: kiatu hicho kinakubana tangu lini, baba? Mwalimu alijibu kwa neno moja. Halafu kwa mawili. Fundi akavua kiatu chake, akamwonyesha mahali kidole kilipokuwa, akaendelea kusimulia kwa furaha kana kwamba anaonyesha kabati aliloliunda. Baada ya nusu saa mhadhiri aliinuka, akauliza chumba cha vipimo. Alitoka humo na karatasi ya njano, akarudi kukaa palepale bila kuambiwa.

Mchana aliomba kuona kazi ya Daftari, akapewa zile ramani za mabenchi. Alizipitia moja moja, karatasi kumi na mbili sasa, akarudia ya kwanza. "Nimefundisha miaka kumi na saba," alisema. "Mke wangu ananiambia nikapime tangu mwaka jana." Kisha akachukua fomu. Mahali palipoandikwa shahada ya msimamizi aliandika: Hana. Tazama ramani zilizoambatishwa. Akasaini chini yake, akampa Mama Benchi kalamu naye asaini. Idara ilinung'unika wiki mbili, ikapitisha.

Siku ya mwisho ya saa mia moja na ishirini, Mama Benchi alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu Daftari amjue. "Leo panga wewe. Mimi miguu inauma."

Mlangoni alisimama mwanamume wa makamo, amevaa tai, karatasi ya njano ameikunja vipande vinne ili isionekane. Aliangalia saa, akaangalia geti la kutokea. Daftari aliyapitia mabenchi manne kwa macho. Kwenye benchi la pili, kadi mkononi na viatu vipya vipana miguuni, mhadhiri wake alikuwa anasoma gazeti akisubiri zamu.

"Mwalimu, sogea kidogo," alisema.

Mhadhiri alimtazama, akamtazama mgeni, akakunja gazeti, akasogea.