Mbio za Nkoma

Jumamosi asubuhi nilikuwa nikikimbia kwenye njia ya miguu nyuma ya mtaa wa Nkoma, hapa mjini Mbale, mlima mbele yangu, umande miguuni, moyo mweupe kabisa. Mara mama mwenye beseni la nyanya kichwani akaanza kukimbia kando yangu.

"Bwana, wako wapi?"

"Nani, mama?"

"Hao wanajeshi wanaokufukuza."

"Hakuna anayenifukuza. Nakimbia tu, nipate utulivu."

Akasimama, akatua beseni, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Utulivu? Sisi tulikimbia miaka yote ile ya vita, hatukuuona."

Kisha akacheka, akakaza leso kiunoni. "Haya, twende na mimi niuone."

Wasomaji wangu, aliniacha mbali. Mwenzangu alianza mazoezi zamani.