Siku Nusu Tangi Alipoishiwa

Baba yangu ni mwoga, na sisemi hivyo kwa kumvunjia heshima. Mwenyewe hujitetea kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, kisha anarudi kuhakikisha kama kweli amefunga mlango. Kwa miaka ishirini na minane aliendesha gari la mikate, na hakuna aliyewahi kuuona mshale wake wa mafuta ukishuka chini ya nusu. Ukigusa nusu tu, anajaza. Wenzake wa kiwandani walimbatiza Nusu Tangi, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Hata Mama akitaka kumchokoza humwita hivyo.

Alipostaafu aliuziwa gari lenyewe. Mapafu ya Mama yalipoharibika, ikawa hawezi kukaa bila mashine ya oksijeni, Baba aling'oa rafu za mikate akaweka kiti kirefu nyuma, na fundi umeme wa magari akafunga betri ya pili chini ya kiti hicho. Betri ya mbele kazi yake ni kuwasha injini. Ya pili ni ya mashine ya Mama peke yake. Injini ikinguruma, zote mbili zinalishwa. Ikizimwa, ya Mama inaibeba mashine saa nne nzima bila kuigusa ile ya mbele. Baba aliupenda mpango huo kupita kiasi. Mtu wa kuweka akiba ya kila kitu, sasa hata umeme wa gari ulikuwa na akiba.

Jumatano moja tukampeleka Mama kliniki, mwendo wa saa mbili na nusu. Nilikaa nyuma naye, mashine ikihema miguuni petu. Mtungi mdogo wa dharura tulikuwa tumeurudisha hospitalini ukiwa mtupu, tukaambiwa mingine imekwisha, tungoje wiki ijayo. Sikuwa na wasiwasi. Betri si ipo?

Hospitalini Mama alipewa oksijeni ya pale pale, tukakaa foleni na vipimo kwa saa tano. Nilipotoka kumpelekea Baba chai, nilimkuta kwenye usukani, injini inanguruma, na mlinzi wa maegesho ameshamgombeza mara mbili. Nikamuuliza kulikoni. Akasema analipasha gari moto. Gari lililokaa juani tangu asubuhi! Nilicheka nikarudi ndani. Ningekuwa na akili ningeanza kuogopa pale pale.

Tulikuwa tumeshaacha mji nyuma taa ya mafuta ilipowaka. Niliiona kupitia katikati ya viti vya mbele, nyekundu, nikadhani macho yangu yana kasoro. Tangu nizaliwe sikuwahi kuiona ikiwaka ndani ya gari la baba yangu. Nikamwambia mafuta yanaisha. Akajibu kwamba anaona. Kola ya shati lake ilikuwa imelowa jasho.

Kituo kilikuwa kimoja tu njia nzima, kibanda cha bati na pampu ya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa umeme haujafika huko. Muuzaji, mwanamke wa makamo, alitikisa kichwa kabla hatujasimama vizuri. Injini izimwe kwanza. Baba alimweleza habari za mgonjwa. Mwanamke alikuja akachungulia, akampa Mama pole ya kweli, lakini neno lake likawa lile lile. Nikamwomba atuuzie kwenye dumu tukamimine mbali na pale. Akauliza kama huko mbali tutamimina injini ikiwa imezimwa. Akakunja mkono wa blauzi, akatuonyesha kovu la moto kutoka kiwiko mpaka begani. Kulikuwa na dereva aliyekuwa na haraka, alisema, na aliyeshika mpira wa mafuta alikuwa yeye.

Nikamwambia Baba azime tu, betri ya pili itabeba. Hapo ndipo alipogeuka kunitazama.

"Imekufa," alisema. "Jana niliipima kwa saa. Sekunde arobaini."

Yote yakamtoka kwa mkupuo. Betri ilikuwa imevimba ubavu wiki mbili zilizopita, na fundi alimwambia hiyo haina uhai tena. Mpya imeagizwa, inafika Ijumaa. Lakini Mama alishakosa kliniki moja, na angesikia habari ya betri asingekubali kutoka nyumbani. Basi Baba akanyamaza, akijipa moyo kwamba injini ikinguruma hakuna shida. Kule maegesho alikuwa akiilisha kwa saa tano, bila kuthubutu kuzima hata ili akajaze mafuta, na betri iliyokufa hailishiki. Kilichokwisha ni mafuta.

"Lita ngapi zitatufikisha?" Mama aliuliza. Alikuwa amesikia kila kitu.

Kumi, Baba alisema. Mwanamke akasema kumi kwa mkono ni dakika tano.

"Haya, Nusu Tangi, zima gari."

Baba hakusogeza mkono.

"Kila Jumanne ukienda sokoni huwa naizima mashine," Mama akasema. "Najifunza. Jana nilifika dakika sita."

"Unajifunza nini?"

Mama alinipa mkono niushike. Baba akazima.

Kimya kikaingia, na ndani yake mashine peke yake. Haikufika hata hizo arobaini. Ilipiga mlio mrefu, ikanyamaza. Nilisikia pampu ikizungushwa nje na mwanamke akihesabu lita kwa sauti, moja, mbili. Mama alifumba macho. Alikuwa akivuta hewa kidogo kidogo kupitia puani, na kuitoa kwa midomo iliyokunjwa kama anayepuliza uji. Lita ya nne bado alikuwa ametulia. Ya tano mabega yakaanza kupanda. Baba alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, ametupa kisogo, anatazama barabara isiyo na gari. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nilimchukia kwa kutotazama.

Lita ya saba, kucha za Mama zilikuwa zimebadilika rangi.

"Inatosha!" nilisema.

Mama akafumbua macho. Hakuwa na pumzi ya kusema. Akainua vidole vitatu, akanionyesha. Vitatu. Lita saba zisingetufikisha nyumbani, na yeye alijua. Mwanamke aliviona vidole vile, akazungusha kwa mikono yote miwili, na kuhesabu akaacha.

Alipofunga kifuniko alipiga bodi ya gari mara mbili. Injini ikashika mara moja. Betri ya mbele ilikuwa nzima, kama fundi alivyopanga. Mashine ikalia, ikasita kama inayowaza, kisha ikaanza kuhema, na mimi ndipo nilipogundua kwamba mkono wa Mama nilikuwa nimeukamata kwa kucha.

Kilomita nyingi baadaye Mama akasema, polepole, kwamba mficha maradhi, kilio kitamfichua, na kwamba hakujua kuwa hata betri zinafichiwa maradhi. Baba hakucheka. Alimuuliza tena alikuwa akijifunza nini, na sauti ilionyesha anajua.

"Najifunza kutoshtuka," Mama alisema. "Siku ikizimika yenyewe."

Ijumaa betri mpya ikafika, ikafungwa, na fundi akaipima mbele yetu sote. Tangi sasa linajazwa kila jioni hata kama gari halikutoka. Lakini Jumanne Baba haendi tena sokoni, naenda mimi. Yeye huketi kitandani kando ya Mama, amemwelekea, saa ya mkononi ameivua na kuishika. Mama anaizima mashine, naye Baba anahesabu. Juzi nilirudi mapema nikawakuta. Walikuwa dakika ya tano, na Baba alikuwa akimtazama usoni bila kupepesa, machozi yanamtoka, na mkono wake hauendi kwenye swichi.