Mzee Komeo na Kirikuu ya Eveline

Madereva wa barabara ya Tunduma walimwita Liberatus "Komeo". Kwa miaka thelathini aliendesha semitrela, na akishaikamata njia hapiti mtu. Ukimpigia honi, anasogea katikati. Ukimwashia taa, anaongeza mwendo. Nyumbani kwake Kalenga alikuwa mpole, mtu wa kubembeleza hata ndama; ila akifunga mlango wa gari tu, anabadilika.

Kisha mtoto wa jicho akamwingia, kwanza jicho la kulia, halafu la kushoto, na funguo za gari la watu zikarudi kwa mwenyewe.

Mwaka jana daktari alimpangia upasuaji Mbeya. Binti yake Eveline, anayenunua mchele Rujewa na kuuza Iringa mjini, alikuja kumchukua na kirikuu yake, kile kigari kidogo cha mizigo. Mzee alikipapasa ubavuni mpaka nyuma, akashangaa kimeisha upesi.

"Hili ndilo gari?"

"Ndilo linalotulisha, baba. Panda, ufunge mkanda."

Walipofika Ifunda walikuwa wameshaanza kuvutana. Kila aliyekuja nyuma kwa pupa, Eveline alisogea kushoto akampisha. Baba yake hakuyaona magari vizuri, lakini aliyasikia yakipita, na kila lililopita lilimchoma.

"Hilo lilikuwa nini?"

"Kosta."

"Umeiachia Kosta?"

"Nimeiachia."

Kingine kikanguruma, kikapita. "Na hiyo je?"

"Pikipiki, baba. Imebeba gunia la mkaa."

"Mungu wangu," mzee akasema, akageukia dirishani.

Karibu na Makambako walikuta roli la mbao likipanda kilima taratibu. Dereva wake alikuwa amewasha indiketa ya kulia, kuwaonya walio nyuma kwamba mbele si salama. Eveline akatulia nyuma yake. Mara gari dogo jeupe likaja kasi, likaanza kupiga honi bila kupumzika.

"Huyo anataka nini?" mzee akauliza.

"Anataka kupita. Lakini roli linakataza."

"Basi lisogelee roli. Ziba hapo katikati, asipate pa kuingilia."

Eveline hakulisogelea. Gari jeupe likachomoka, likavuka mstari usiokatika, likawa sambamba nao. Hapo hapo basi likatokea kileleni, linashuka.

"Baba, shika!"

Alikanyaga breki, akapinda kushoto mpaka matairi yakaingia kwenye changarawe. Nafasi ikafunguka kati yake na roli.

"Usimpe!" mzee akapiga kelele, akikanyaga sakafu kwa mguu wake wa kulia. "Usimpe nafasi!"

Gari jeupe likajipenyeza. Basi likapita na honi ndefu, upepo wake ukaitikisa kirikuu. Injini ikazimika.

"Ameingia?" mzee aliuliza.

"Ameingia."

Eveline akawasha tena, na kileleni walilikuta lile gari limeegeshwa pembeni. Kijana amesimama nje, ameshikilia mlango kama mtu atakayeanguka.

"Simama," mzee akasema. "Nina maneno naye."

Eveline hakupenda, lakini akasimama. Mzee akashuka, akaifuata sauti ya injini ya gari jeupe.

"Wewe! Honi yote ile unawahi wapi?"

"Shikamoo, mzee. Naitwa Lusekelo. Nisamehe. Nilikuwa nimechelewa tangu Nyororo, nikalikuta lile roli, nikashindwa kuvumilia, nika..."

Kutoka kiti cha nyuma kikasikika kilio cha mtoto. Mzee alisogea akipapasa mpaka akalipata dirisha lililokuwa wazi, akaingiza mkono. Vidole vidogo vikamkamata kidole gumba.

"Unaitwa nani?"

"Tumpe."

"Bado unaogopa?"

"Ndiyo, babu. Kidogo."

"Hata mimi," mzee akasema.

Matusi aliyokuwa ameyaandaa tangu bondeni hakuyatoa. Alisimama pale, kidole chake kikiwa mikononi mwa mtoto, mpaka kilio kikaisha. Ndipo akamgeukia Lusekelo.

"Kaa chini kwanza. Miguu ikiacha kutetemeka ndipo uondoke. Na mpaka Igawa utakaa nyuma ya huyu binti yangu."

"Nyuma ya kirikuu, mzee?"

"Nyuma ya kirikuu."

Waliporudi garini, mzee hakufunga mkanda upesi. Alitafuta mkono wa Eveline, akaupata juu ya gia.

"Ulinisikia nilivyosema usimpe?"

"Nilikusikia."

"Ukanikatalia."

"Nilikukatalia, baba."

Akaubana ule mkono. "Ahsante, mama."

Lusekelo alitii. Walipoachana Igawa alipiga honi mara mbili, fupi fupi, na Tumpe akapunga mkono dirishani. Eveline akamweleza baba yake, naye akapunga, ingawa aliuelekeza mkono upande ambao gari halikuwepo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, mzee alimtazama binti yake kwa muda mrefu, akamwambia amekonda. Siku ya kurudi, walipofika kwenye tambarare ya Usangu, Eveline alisimamisha gari akamnyooshea funguo.

"Jaribu kidogo, baba. Barabara imenyooka."

Mzee alizitazama, akacheka, akatikisa kichwa. Kabla ya Igawa alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi. Eveline akapunguza mwendo, asije akamwamsha.