Nilivyogeuza bata wa Kabwe kuwa zambarau

Wakuu, habari za mihangaiko. Hiki kilinitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi, aibu yenyewe inatosha.

Enzi za ruksa, maduka ya dawa yalipoanza kuota kama uyoga, baba mdogo alifungua lake huko Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika. Nikatolewa Sumbawanga mjini kwenda kuuza. Ujuzi wangu wa dawa ulikuwa kusoma maandishi ya kwenye boksi.

Siku moja akaniambia, "Hizi zime-expire. Kazitupe mbali."

Mbali kwangu ikawa kidimbwi nyuma ya duka, kilichoungana na ziwa. Kilijaa mwani wa kijani, na bata wa jirani yetu Mama Sabina walikuwa wanajilia humo. Nikamwaga rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, kopo zima, na chupa kibao za GV, ile dawa ya vidonda vya mdomoni.

Kesho yake maji zambarau.

Mwani zambarau.

Bata weupe, zambarau.

Rangi mbili zilivimba zikawa laini, mtu akasema ni mayai ya joka. Mimi nikauchuna.

Baada ya siku chache mwani ukapauka, ukafa, ukanuka. Samaki wadogo waliojificha humo wakatoweka.

Kikao kikaitwa. Lawama zikamwangukia Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani. Eti karoga maji, aondoke siku hiyohiyo.

Akasema taratibu, "Mimi na ng'ombe zangu tunakunywa hapohapo. Nijiroge ili iweje?"

Hakuna aliyemsikiliza. Mke wake alishaanza kukunja mikeka. Hapo nikashindwa, nikasimama.

"Shikamooni wazee. Siyo uchawi. Ni mimi, nilimwaga dawa za dukani."

Mama Sabina akauliza, "Kwa hiyo bata wangu wametibiwa nini?"

Kikao kilivunjika kwa vicheko.

Adhabu: kuzoa mwani uliooza kwa mikono na kuuzika mbali na maji, mimi na baba mdogo. Mzee Masanja akaja na mkokoteni wake wa ng'ombe, akatusaidia bila kuombwa. Nilishindwa kumtazama usoni.

Mwani mpya ulichukua masika yote kurudi.

Nilichojifunza: dawa ikipita muda wake haijui kwamba imekwisha. Ukiitupa majini inaendelea na kazi. Mrudishie mfamasia.

Haya, wenye maduka enzi zile, za kwenu mlizipeleka wapi? Semeni tu, mimi nimeshajilipua.