Mama Aliyesemwa Amekula Kitenge

Mimi sipendi mutu anifundishe kukata nguo. Nilikata Kongo, nikakata katika kambi ya wakimbizi, na sasa nina mashine yangu sokoni hapa Nchelenge, kando ya ziwa linalotutenga na Kongo. Kwa miaka hiyo yote nilikuwa na kiburi kimoja: kukadiria kitambaa kwa macho. Mwanamuke aliposimama mbele yangu, nilimuangalia tu, nikamutajia meta zake. Tepu ilikuja baadaye, siku ya kukata.

Basi bamama wa kwaya ya kanisa letu wakaniletea kazi. Walikuwa kumi na sita, wamealikwa kwenda kuimba mujini Mwansabombwe, na walitaka wote wavae sare. Nikasema meta tatu kila mutu, pamoja na kilemba. Ua la kitenge walilolipenda huku halikuwapo, wakaagiza kitenge ng'ambo, upande wa Kongo. Mufanyabiashara akavusha arobaini na nane. Mimi nikahesabu mikunjo yake, kila mukunjo nikiuita meta, nikasema sawa.

Nilianza na wembamba ili kazi iende mbio. Mama mumoja tu, yule anayeanzisha nyimbo, ni munene. Nikamuacha mwisho, nikiwaza nitamupa chote kitakachobaki. Wala sikumupima. Niliona haya kumuzungushia tepu kiunoni mbele ya watu, nikaandika vipimo vyake kwa macho. Nilipofika kwake, mezani kulikuwa na kipande kisichotosha hata blauzi. Yaba! Nikapanga, nikapangua, nikageuza huku na huku, wapi.

Kiongozi wa kwaya alikuja kuchukua zile sare kumi na tano, akaona moja haipo. Dukani kwangu kulikuwa na bamama wengine. Nikasema bila kufikiri, "Mama yule ni mukubwa sana, amekula kitenge."

Wakacheka. Nami nikacheka. Kufika Jumapili, hata wanaoanika chisense, wale samaki wadogo, ufukoni walikuwa wanalirudia neno lile, na mama yule hakuja tena mazoezini.

Siku chache kabla ya safari nilichukua kile kipande nione kama nitapata angalau mikono. Alama za mikunjo bado zilionekana. Nikaweka tepu kutoka alama moja mupaka nyingine. Meta moja ikazidi alama ya pili. Nikarudia, ikazidi tena. Kila mukunjo ulikuwa mufupi kuliko meta, karibu upana wa kiganja. Eh Mungu wangu! Ng'ambo wanauza kwa yadi, mimi nilipanga kwa meta. Meta nne zilikuwa hazipo kabla sijashika makasi. Na mimi mutu wa kule kule, yadi ninazijua tangu utoto! Hasira ilinipanda, na hakukuwa na mutu wa kumugombeza ila mimi mwenyewe. Siku hizi ninapima kitambaa kizima kwanza, ninatandika juu yake karatasi za kukatia za watu wote, wakubwa wanatangulia, na vipande vidogo vinajaza nafasi. Siku ile nilichokuwa nacho ni aibu tu.

Nikaenda nyumbani kwa mama yule. Alikuwa jikoni, anasonga bukari. Nikamueleza yote. Mwiko haukusimama.

"Ulisema mbele ya watu," akanijibu. "Sasa unakuja kuniambia jikoni?"

Alhamisi nikaenda mazoezini. Alikuja pia, akabaki mulangoni. Nikasema mbele ya wote: kosa ni langu, sikupima kitenge, na mama huyu sikumupima. Nikawaomba kila mutu anirudishie kilemba chake, niunganishe vile vipande, nimushonee nguo asafiri nao. Kiongozi alifungua chake pale pale, akanipa. Wengine wakafuata.

Ndipo yeye akaja katikati, akainua mikono.

"Pima," akaniambia. "Na usome kwa sauti."

Nikamupima kifua, kiuno, nyonga, urefu, ninasoma kila kitu. Nikapiga hesabu ya kitambaa chake, wao wakingoja.

"Meta tatu na makumi mbili," nikasema.

"Makumi mbili za nini?" mama mumoja akauliza.

"Santimeta. Santimeta makumi mbili juu ya zenu, basi."

Hakuna aliyecheka. Yeye akashusha mikono, akatuangalia mumoja mumoja, akaishia kwangu.

"Kumbe," akasema, "njo hizo santimeta mulinichekea."